Nyumba ya babu inavuja na madirisha yameoza: nianze wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Tumerithi nyumba ya babu huku Gerezani, Dar es Salaam. Ni nyumba ya chini, ya zamani sana, na imekaa imefungwa miaka mingi kwa mvutano wa mirathi ambao sasa umekwisha. Sehemu ya mbele imeezekwa vigae vyekundu, vyumba vya uani ni bati. Paa la mbele limebonyea, mvua ikinyesha vyumba viwili vinajaa maji, na juu ya ukuta umeota mti. Madirisha ni ya mbao, yana mabawa ya luva, vile vibao vilivyolazwa mshazari. Mengine yameoza chini, na vibaka wameshang'oa mawili. Fundi tuliyemwita anasema tuezue paa lote tuweke bati, na madirisha tuweke aluminiamu. Wadogo zangu wanataka tuanze na madirisha kwa sababu ya wezi. Hela ya kufanya vyote kwa mkupuo hatuna. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba dada, na poleni kwa safari ndefu ya mirathi. Anzeni na paa, ila msiezue kwa ajili ya kuweka bati. Madirisha yatasubiri, na mengi yao nadhani yatapona. Huyo fundi wenu sisemi ni mbaya. Amewapa kazi anayoijua, na kazi anayoijua ni ya kuanza upya. Nyumba ya zamani inataka mtu anayeuliza kwanza maji yameingilia wapi.

Kalenda kwanza. Masika yanaanza Machi na kwenda mpaka Mei. Ukiniandikia Januari ukaniambia mnataka kufungua paa Februari, nitakwambia subiri. Paa la zamani likishafunguliwa huwa linatoa mambo ambayo hakuna aliyeyapigia hesabu: boriti iliyooza ndani, ukuta uliolegea kichwani, kiota cha mchwa. Kazi ya wiki mbili inakuwa ya wiki sita, na mvua inawakuta nyumba iko wazi. Miezi ya Juni mpaka Septemba ndiyo miezi ya kupaua Dar es Salaam. Vuli inaanza Oktoba, kwa hiyo hata hapo msijisahau.

Kwa sasa nunueni turubai zito. Watu wengi wanafunika pale panapovuja tu, halafu wanashangaa maji bado yanaingia. Maji hutiririka chini ya turubai yakitokea juu yake, kwa hiyo lazima livuke mgongo wa paa na kuning'inia upande wa pili. Lifungeni kwa kamba kwenye mbao za pembeni au kwenye mifuko ya mchanga inayoning'inia ukutani. Msilipigilie misumari kupitia vigae. Kila kigae kitakachopasuliwa leo ni kimoja mtakachokitafuta kesho. Acheni pia nafasi ya hewa kwenye kingo, maana paa lililofunikwa gubigubi huoza kwa joto na unyevu wake lenyewe. Na mtu asilale wala kuweka vitu chini ya sehemu iliyobonyea.

Sasa uchunguzi, na hapa nataka mtumie muda. Asubuhi moja baada ya mvua, mtu mwepesi apande darini na tochi na bisibisi. Akanyage juu ya boriti tu, asikanyage dari. Azime tochi kwanza atazame juu: kila tundu litaonekana kama nyota. Halafu awashe, afuate alama nyeusi za maji kwenye mbao. Tundu na doa haviko mahali pamoja, kwa sababu maji huingia juu, yakatambaa na mbao mpaka yakutane na fundo au msumari, ndipo yadondoke. Ndiyo maana watu wanaziba chumbani kwa mama wakati kigae kilichopasuka kiko juu ya sebule.

Kazi kubwa ya bisibisi iko pembeni, pale miguu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, inapokaa juu ya ukuta. Hapo ndipo maji yote ya paa hukusanyika, hapo hakuna hewa, na hapo fundi mvivu hafiki kwa sababu inabidi ulale kifudifudi. Choma mbao. Mbao nzima inakataa, bisibisi inaingia kidogo tu na mbao inalia kavu. Iliyooza inapokea bisibisi bila ubishi, na ukiigeuza inatoka nyuzi fupi fupi za kahawia. Ukiona njia za udongo zilizopanda ukutani, hao ni mchwa, na dawa yao inaanzia chini ardhini, juu hamtawamaliza. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe chini yake, hao ni fukusi. Kama unga ni mpya, safi, bado wanakula. Kama umechanganyika na vumbi la zamani, huenda walishaondoka. Fagieni, rudini baada ya wiki kadhaa muone kama umerudi.

Paa lenu limebonyea, na mara nyingi sababu ni hiyo miguu. Mguu wa kenchi ukioza, kenchi inashuka na kusukuma ukuta nje. Kwa hiyo shukeni mkapime ukuta kwa timazi, ule uzi wenye kizito, nje na ndani, hasa ule wa urefu. Kama kichwa cha ukuta kimetoka nje, au kuna ufa unaopanuka kadiri unavyopanda, muiteni mhandisi wa majengo kabla ya fundi yeyote. Hilo sibishani nalo. Ukuta ukiwa wima, basi tatizo ni la mbao na seremala mzuri anatosha.

Kwa mbao zilizooza, dawa si kubadilisha kenchi nzima. Weka nguzo za kuegemeza ndani, inua kidogo kidogo kwa jeki, siku kwa siku. Ukinyanyua kwa mara moja mtapasua plasta na vigae vyote. Kisha kata sehemu iliyooza, uvuke kama sentimita 30 kuingia kwenye mbao nzima, uunge kipande kipya kwa kulaza mbao mbili ubavuni na kuzifunga kwa bolti. Msitumie misumari mitupu kwenye kiungo kinachobeba mzigo. Bolti na misumari yote iwe ya mabati, kwa maana iliyochovywa zinki, kwa sababu hewa ya chumvi kutoka bandarini inafika Gerezani bila shida, na chuma kitupu hakichukui miaka mingi.

Mbao mpya mtakazopata kwa wingi ni paini iliyowekewa dawa, ile yenye rangi ya kijani, nyingi inatoka Mufindi kwenye msitu wa Sao Hill. Ni nzuri kwa kazi hii. Shida ni kwamba dawa haifiki katikati ya mbao, kwa hiyo kila mnapokata, kichwa kipya kinabaki uchi. Mwekeeni fundi kopo la dawa na brashi palepale anapokatia, na mtu wenu asimame aone kila kichwa kinapakwa. Mbao inayokaa juu ya ukuta wekeni kipande cha nailoni nzito chini yake ili isinyonye unyevu wa ukuta.

Vigae. Hapa ndipo ninapoomba msimsikilize huyo fundi. Vigae vyekundu vya nyumba nyingi za zamani za pwani yetu vililetwa kwa meli kutoka Mangalore, India, ambako wamisionari wa Basel, Uswisi, walifungua kiwanda mwaka 1865. Vishusheni taratibu, mgeuze kimoja mtazame tumboni, mara nyingi mtakuta muhuri wa kiwanda. Udongo uliochomwa vizuri hauchoki kwa miaka mia. Kinachochoka ni papi, zile mbao nyembamba zilizo chini yake zinazovibeba, na misumari. Kwa hiyo nyumba inayovuja chini ya vigae inaweza kuwa na vigae vizima kabisa juu ya papi zilizooza.

Kila kigae mnachoshusha kigongeni kwa kifundo cha kidole. Kikilia wazi ni kizima, kikitoa sauti iliyokufa kina ufa hata kama hauonekani. Panga vizima kwa kusimamisha, si kwa kulaza, na vihesabiwe mchana na jioni, maana vigae vizuri vina miguu. Vikipungua, msinunue vya kujazia kwa kutazama rangi. Chukueni kimoja chenu mwende nacho, muone kama mifereji ya kuunganisha inaingiliana. Kama haiingiliani, tumieni vya zamani vyote mteremko wa mbele, unaoonekana barabarani, na mteremko wa nyuma muweke vipya vya aina moja. Hivyo hakuna anayejua isipokuwa mwenye nyumba. Kofia za mgongo wa paa zikazwe kwa udongo wa chokaa wenye saruji kidogo tu. Saruji tupu inapasuka na kuondoka na kigae chake.

Na mkiamua bati, kwa sababu ya hela, nitawaelewa. Lakini jueni mnachobadilisha. Kigae kimoja kina kilo mbili na kitu, mita moja ya mraba inakula kama 15, kwa hiyo kila mita mna zaidi ya kilo 30 zinazokandamiza paa chini. Bati la kawaida halifiki hata kilo 5. Paa lililojengwa kwa kuzoea mzigo, ukiutoa, upepo unapata kazi rahisi. Kenchi zifungwe ukutani kwa vyuma vilivyoingizwa kwenye ukuta wenyewe, siyo kwa msumari mmoja wa pembeni. Mafundi wanaosema "tunaezua tunaweka bati" hili hawalitaji. Na mwinuko wa paa usipunguzwe. Upo kwa sababu ya vigae, lakini ndio pia unaoipa nyumba ubaridi, kwa vile joto linapanda na kukaa mbali na dari.

Kwa vyumba vya uani, bati lenu la zamani huenda ni nene kuliko yote mtakayooneshwa Kariakoo. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: 28 ni nene kuliko 30, na 32 sikushaurini kabisa karibu na bahari. Kama kutu iko kwenye matundu ya misumari tu, badilisheni misumari na mipira yake, mpake rangi, mwende. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita. Mtashangaa ni nyumba ngapi mjini hapa zinavuja kwa sababu hiyo moja. Kulaza kuanzie upande ulio mbali na upepo wa mvua, ili kila bati limfunike jirani yake na upepo usipate mdomo wa kuingilia.

Halafu kuna jambo hukulitaja ila ninaliuliza: jikoni au chooni uani, kuna bati za kijivu, nzito, zenye mawimbi makubwa, zinazovunjika kama sahani? Hiyo ni asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta saratani miaka mingi baadaye. Msizivunje, msizitoboe, msizisugue ukungu, na msimpe mtu azipeleke kuezekea banda la kuku. Zikiwa nzima ziacheni zilivyo. Zikihitaji kutoka, ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa taka hatarishi kwanza.

Mti wa ukutani: msiung'oe. Mizizi imeshaingia katikati ya mawe, ukivuta unatoka na ukuta. Kateni usawa wa ukuta, pakeni kisiki dawa ya kuua magugu siku hiyohiyo, mwache mizizi ife, ndipo mchokonoe na kujaza kwa chokaa.

Ukuta wa nyumba ya umri huo kwa kawaida ni mawe ya matumbawe na chokaa, na hiyo ndiyo sababu ninaogopa saruji. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuvika saruji unyevu unakwama nyuma yake, chumvi inatoka, plasta inafura na kudondoka, na mnalaumu rangi. Kwa kazi za kuziba pembeni mwa paa na madirisha tumieni chokaa moja kwa mchanga tatu, chokaa iliyolowekwa ikakaa, na mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, hata uoshwe.

Sasa madirisha na vibaka wenu. Kwa yale mawili yaliyong'olewa, na mengine yanayoyumba, pigeni mbao kwa ndani, zenye nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao ili nyumba ipumue. Gharama yake ni ndogo na itawapa muda hata wa mwaka. Wekeni na taa ya uani. Mtu alale humo, hata ndugu mmoja, kwenye chumba kisichovuja. Nyumba yenye mtu haivunjwi kama nyumba yenye kufuli.

Kuhusu aluminiamu, sina chuki nayo, chooni na bafuni inafaa. Lakini dirisha la kuteleza likifunguliwa lote linafungua nusu tu, nusu nyingine ni kioo kinachobaki. Bawa la luva likifungwa kabisa bado linapitisha upepo, linazuia jua na mvua, na mtu wa barabarani haoni ndani. Katika joto la Januari hapa kwetu mtalipa tofauti hiyo kwa umeme wa feni na kiyoyozi. Siku mkiwa mjini nendeni pale kanisa la Kilutheri la Azania Front, mtazame vijipaa vya vigae vilivyojengwa juu ya madirisha. Waliolijenga zaidi ya miaka mia iliyopita walijua kuwa dirisha huhifadhiwa kuanzia juu yake. Kama yenu yalikuwa na vijipaa vikabomoka, rudisheni.

Mbao ya madirisha ya enzi hizo mara nyingi ni mvule au mtiki. Kwangueni rangi mahali padogo muone. Ikiwa hivyo, kumpa fundi achukue "mbao chakavu" ni kumpa zawadi. Kuoza kwake karibu siku zote kuko chini: kile kipande cha chini cha bawa, ncha za miimo, na kizingiti cha chini. Seremala anakata hapo tu, kwa mshazari ili maji yasikae kwenye kiungo, anaunga kipande cha mbao ya aina ileile kwa gundi isiyoogopa maji na vigingi vya mbao. Vibao vya luva vilivyovunjika vinachongwa vipya kimoja kimoja. Ni kazi ya mkono, inachosha, na vijana wengi hawaipendi. Tafuteni seremala mwenye randa na patasi, siyo fundi mwenye mashine ya kuchomelea tu.

Kuna kitu kidogo nataka mkione kwa macho yenu. Pitisheni kidole chini ya kizingiti cha dirisha, upande wa nje, ile sehemu inayotokeza. Mtahisi, au mngepaswa kuhisi, mfereji mwembamba uliochimbwa kwa urefu wote. Kazi yake ni kulikata tone la maji lidondoke chini badala ya kutambaa kurudi ukutani. Kwenye nyumba nyingi za zamani umezibwa na plasta na rangi juu ya rangi. Uzibueni kwa msumari mkubwa. Nimeona ukuta uliokuwa unalia chini ya dirisha kila Masika ukikauka kwa kazi hiyo tu.

Rangi ya zamani ina madini ya risasi, ichukulieni hivyo hata bila kupima. Msisugue kwa msasa mkavu wala kuichoma kwa moto. Lowesha, kwangua, vaa barakoa, watoto wawe mbali, na magamba yote yakusanywe kwenye mfuko, yasifagiliwe uani. Kabla ya kupaka mpya, mshibisheni kila kichwa cha mbao kwa rangi ya msingi mara mbili tatu, kwa sababu mbao hunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Na seremala akikuwekea bawa likabana vizuri mwezi wa Februari, mwambie alipunguze. Aprili mbao itavimba na hamtalifungua. Nafasi ya milimita mbili tatu pande zote inatosha. Bawaba za shaba ndizo zinazodumu, ghali lakini mara moja. Nondo zikae ndani zikishikwa na ukuta, msizifunge kwenye fremu ya mbao, na wavu wa mbu uwe kwenye fremu yake nyepesi inayotoka kwa kufuliwa.

Makaratasi nayapita haraka. Pateni sahihi za warithi wote kabla ya senti ya kwanza kutoka. Hakikisheni hati ya kiwanja iko kwa jina linaloeleweka: majengo mengi ya mjini yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, na bado familia zinagundua mambo hayo zikiwa zimeshamwaga mchanga. Kibali cha ukarabati ni Halmashauri ya Jiji. Na kwa kuwa nyumba ni kongwe, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kama imo kwenye majengo yanayolindwa. Ikiwemo, kubadilisha paa bila ruhusa kutawaponza.

Katika malipo, nunueni vifaa wenyewe na mlipe fundi ufundi tu, kwa mafungu: kenchi zikisimama, papi zikikamilika, vigae vikirudi. Fungu la mwisho, lisilo dogo, lisubiri maji. Chukueni mpira wa maji, mtu mmoja juu na mwingine darini na tochi. Anzeni kumwagia chini kabisa, kwenye ukingo wa paa, dakika kumi, ndipo mpande kidogo, tena dakika kumi, mpaka mgongoni. Mkianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hamtajua tundu ni lipi. Mkianzia chini, siku tone likidondoka mnajua limeingilia pale mpira ulipo, na fundi bado yuko juu ya paa akiwa na nyundo mkononi.